Siku ya Kumi na Nne

Kopo alirudi nyumbani saa tano asubuhi, na hilo peke yake lilikuwa habari. Kwa miaka tisa alikuwa anatoka jua halijachomoza na kurudi likiwa limechoka. Mkewe, fundi wa kushona, alimwona kupitia dirisha akija na viatu vyake vya mpira mkononi, ndala miguuni, na mguu wake ukaacha kukanyaga cherehani. Gauni la mteja likabaki nusu chini ya sindano.

"Unaumwa?"

"Hapana."

"Kituo kimefungwa?"

"Kiko wazi. Nimepumzishwa."

"Kwani uliomba mapumziko?"

Kopo aliweka viatu kando ya mlango, kimoja sambamba na kingine, akaweka bahasha juu ya meza ya kukatia nguo, kisha akaketi kwenye kitanda cha mama yake. Kitanda hicho kilihamishiwa sebuleni wakati bibi yule alipoanza kuugua, ili awe karibu na watu. Sasa ilikuwa wiki ya tano tangu wamzike, na hakuna aliyepata nguvu ya kukitoa. Walikuwa wanakikalia kama benchi.

Fundi alifuta mikono, akafungua bahasha. Alisoma kwa sauti, polepole, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe.

"'Kwa kuwa grafu ya urefu wa miche inaonyesha kwamba mara tatu, katika siku thelathini za jaribio, miche mikubwa iliondolewa kitaluni na mahali pake ikawekwa midogo…' Iliondolewa na nani?"

"Endelea."

"'…na kwa kuwa wewe ndiye uliyekuwa na jukumu la kuimwagilia na kuipima…'" Macho yakaendelea peke yake hadi chini. "Jumatatu saa nne. Kamati. Halafu polisi, ikibidi."

"Ndiyo."

"Wamekuita mwizi kwa Kiswahili kizuri."

"Ndiyo," Kopo akasema tena, na akatazama viatu vyake.

Nyuma ya barua kulikuwa na karatasi nyingine yenye mchoro: mstari mmoja wenye nukta, uliopanda kama ngazi, ukaanguka, ukapanda, ukaanguka, ukachomoka juu, ukaanguka mara ya tatu, kisha ukajikokota kidogo na kuishia. Fundi aliugeuza huku na huku. Alikuwa anajua kusoma vipimo vya mabega na viuno, hiki hakukijua.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Katika kituo cha utafiti wa miti kulikuwa na miche arobaini, kila mmoja ndani ya kiriba chake, yaani mfuko mweusi wa udongo. Kila asubuhi saa moja Kopo alimwagilia, akapima kila mche kwa rula, akaandika kwenye daftari: ukurasa mmoja kwa siku moja. Jina la Kopo alilipata kwa sababu hakupenda mpira wa maji, alimwagilia kwa kopo. Alisema mpira unamwagilia kama mlevi anavyosalimia, kwa fujo. Binti yake alikuwa mchapaji hapo hapo kituoni, na ndiye aliyeingiza kurasa zote thelathini kwenye kompyuta. Kutoka kwake data ilikwenda kwa kijana mmoja wa takwimu waliyemwita Bwana Mchoro, ambaye aliipa programu yake amri, na programu ikachora wastani wa urefu wa kila siku. Mchoro ulikwenda kwa Daktari, mkuu wa kituo, daktari wa miti ambaye wafanyakazi walisema hata mafua hatibu. Daktari aliuonyesha kwa wageni wanaofadhili kituo. Mgeni mmoja akainua mkono, akauliza kwa adabu mti unawezaje kupungua urefu mara tatu. Watu wakacheka. Daktari naye akacheka, lakini masikio yake yakawa mekundu.

Miche yenyewe haikuwepo tena kusema kweli yake. Siku ya mwisho ya jaribio lori liliichukua yote, ikaenda kupandwa mashamba ya mbali.

Binti alirudi saa nane. Alisimama mlangoni akiwa na mkoba wake, akamwona baba kitandani, akajua kwamba mama anajua.

"Nimeambiwa nisiguse faili la miche," alisema. "Wamesema mimi ni mtoto wake."

"Hilo halijawahi kuwa kosa," mama alisema.

"Sasa limekuwa."

Walikula. Hakuna aliyesema chakula kina chumvi nyingi, ingawa kilikuwa nayo.

*

Ijumaa Kopo alirudi kituoni kurudisha ufunguo wa stoo. Mlinzi wa geti, mtu ambaye kwa miaka tisa walikuwa wanagawana chai ya kikombe kimoja, alisimama mbele yake na hakusogea.

"Mfuko, mzee."

"Mna ufunguo tu."

"Najua. Lakini nimeambiwa."

Kopo akafungua mfuko. Mlinzi akatazama ndani bila kuingiza mkono, kama mtu anayechungulia choo chenye mtu.

"Samahani, kaka."

"Fanya kazi yako."

Alipotoka, mlinzi aliutazama mfuko ule ule, mtupu, mara ya pili.

Jioni jirani wa mlango wa pili alikuja. Mtaani walimwita Redio, kwa sababu alianza asubuhi na hakuna aliyejua pa kumzimia. Alikaa kwenye kiti cha wateja, akasifu nguo zilizoning'inia, akasikitika kwa ajili ya shemeji yake, akasema dunia imeharibika. Kisha akasogeza kiti karibu na Kopo.

"Shemeji, mimi si mtu wa kuhukumu. Kila mtu na riziki yake. Ila kama imebaki miwili mitatu, ile mikubwa, mimi nina uwanja hapo nyuma. Mtu wa ndani nifikirie basi."

Fundi aliinua kichwa, pini tatu mdomoni.

"Imebaki nini?" Kopo aliuliza.

"Miche, shemeji."

Kopo alimtazama mwanamke yule muda mrefu, bila hasira. Hasira ingehitaji kuni, na ndani yake hakuna kilichokuwa kinawaka.

"Imekwisha," alisema mwishowe, kwa sababu alikuwa amechoka kusema hajaiba.

Fundi akatema pini kiganjani. "Umesikia? Imekwisha! Nenda katangaze, usije ukakosa taarifa ya habari."

Redio alikwenda, na taarifa ikasomwa. Jumamosi mteja wa gauni la kijani alikuja kuchukua kitambaa chake kabla hakijakatwa. Alisema amebadili mawazo kuhusu mtindo. Alikikunjua chote mbele ya fundi, akakipima kwa mikono kutoka pua hadi kidole, kuhakikisha kimetimia.

*

Jumapili mchana walikuwa watatu mezani na karatasi ile katikati. Ilikuwa fikra ya fundi. Alisema mumewe hawezi kupelekwa polisi na kitu ambacho hakijasomwa.

"Siku tuliyomzika mama yako ulikwenda kupima miche," alimwambia mumewe. "Watu bado wamekaa hapa nje, wewe ukavaa viatu. Nikakuuliza, nani atakufukuza leo? Ukasema miche haijui msiba. Sasa mtu wa namna hiyo ndiye aibe?"

"Kibarua hana likizo," Kopo alisema. "Na nilikuwa nimewaahidi siku thelathini."

"Uliwaahidi kina nani? Miche?"

Binti aliinamia mchoro.

"Chini hakuna namba," alisema. "Kwa kawaida chini panaandikwa siku. Moja, mbili, tatu. Hapa pako wazi. Upande huu wa kushoto tu ndio wenye sentimita."

Fundi akachukua pini, akahesabu nukta kwa ncha yake, bila kutoboa. "Thelathini."

"Sawa na siku," Kopo alisema.

"Baba, hebu tazama," binti alisema. "Mama, ya kwanza iko wapi?"

Fundi aliweka utepe wake wa kupimia juu ya karatasi, ukalala kutoka kwenye nukta hadi kwenye namba za kushoto. "Nne."

"Siku ya kwanza zilikuwa nne," Kopo alisema. "Sawa."

"Ya pili. Kumi na tatu."

Kopo alinyanyua uso. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Alhamisi kuonekana kama mtu aliyemo chumbani.

"Kutoka nne hadi kumi na tatu kwa siku moja? Hata uchawi una mwendo wake."

"Ndivyo walivyochora."

"Siku ya pili ilikuwa tano. Nakumbuka, rula ilinidondoka kwenye tope nikaifuta kwa shati. Tano iko wapi hapo?"

Utepe ukatembea. Pini ikatembea. Tano ilikuwa nukta ya kumi na mbili, chini kabisa ya anguko la kwanza.

"Na iliyo juu kuliko zote?"

"Thelathini na moja."

"Hiyo ni siku ya mwisho. Siku ya lori. Nilipima wapakiaji wamesimama nyuma yangu wananitukana kwamba nachelewesha. Ni nukta ya ngapi?"

Fundi alihesabu, akarudia. "Ya ishirini na nne."

"Na baada yake?"

"Zipo sita."

"Lori limeondoka na miche yote," Kopo alisema, "halafu mimi nikabaki siku sita napima nini? Hewa?"

Siku nyingine wangecheka. Binti alikuwa amechukua chaki ya mama yake ya kuchorea vitambaa na kuanza kuandika chini ya nukta, hafifu. Moja chini ya ya kwanza. Mbili chini ya ya kumi na mbili. Thelathini chini ya ya ishirini na nne.

"Hizi sita za mwisho, Baba. Saba, nane, tisa, kumi, kumi na moja, kumi na mbili."

"Saba ni siku ya nne. Kumi na mbili ni siku ya tisa."

"Na hii sita, kabla tu ya thelathini na moja?"

"Siku ya tatu."

Aliandika. Tatu, thelathini, nne, tano, sita, saba, nane, tisa. Mkono ukasimama. Alikaa akitazama namba zile kiasi kwamba mama akadhani anaumwa.

"Naijua foleni hii," alisema. "Naiona kila siku kazini. Kurasa nikizihifadhi kwenye kompyuta, hazikai moja, mbili, tatu. Zinakaa Ukurasa 1, halafu Ukurasa 10, 11, 12, mpaka 19, ndipo ije 2. Halafu 20, 21. Ya tatu inakaa na ya thelathini. Kila siku nazilaani."

"Kwa nini ziwe hivyo?"

"Kompyuta ikidhani namba ni neno, inaipanga kama maneno ya kamusi. Inatazama kinachoanza. Kumi inaanza na moja, basi inakaa na moja, inaitangulia mbili."

Fundi alifikiri. "Kama nipange wateja wangu kwa herufi ya kwanza ya jina, nisijali nani kaleta kitambaa lini."

"Hivyo hivyo."

"Ningefukuzwa mtaani."

"Lakini kwa nini idhani ni maneno?" Kopo aliuliza. "Mimi niliandika namba."

Binti hakujua. Alichapa mistari elfu moja na mia mbili, wiki tatu baada ya msiba. Vidole vilichapa. Kichwa chake hakikuwepo, na alipojaribu kukumbuka ukurasa hata mmoja, hakuona kitu.

*

Jumatatu saa tatu kasoro binti alikuwa mbele ya meza ya Bwana Mchoro. Ukutani juu ya kichwa cha kijana yule kulikuwa na tangazo lile lile lililokuwa juu ya meza ya mchapaji: CHAPA KILICHOANDIKWA. USIONGEZE, USIPUNGUZE. Nje kwenye korido, kwenye benchi, Kopo alikuwa ameshafika. Amevaa shati la msibani kwa sababu ndilo zuri alilonalo.

"Dada, umeambiwa usiguse faili hili," Bwana Mchoro alisema.

"Sigusi. Nakuomba uguse wewe."

"Programu haidanganyi."

"Naomba tu urudishe namba za chini ya mchoro."

"Zile nilizitoa. Zilikuwa zinabanana, picha inakuwa chafu."

"Zirudishe hivyo hivyo na uchafu wake."

Alipumua kwa nguvu, akachapa. Namba zikarudi, ndogo, zimebebana: 1, 10, 11, 12, 13. Bwana Mchoro akasogeza uso kwenye skrini. Akasema, kama mtu anayezungumzia inzi, "Aa. Imeisoma siku kama maneno. Kitu kidogo. Naigeuza kuwa namba."

Akatoa amri. Programu ikatii bila kunung'unika. Akaagiza ichore tena.

Mstari ukapanda, ukaanguka, ukapanda, ukaanguka, ukachomoka, ukaanguka.

Wote wawili wakautazama.

"Unaona?" kijana alisema, na safari hii sauti yake ilikuwa ya upole, jambo lililokuwa baya zaidi. "Sasa chini ni namba kabisa. Moja, mbili, tatu mpaka thelathini. Na bado inashuka mara tatu. Dada, sikutaka niwe mimi wa kukwambia, lakini baba yako…"

Saa ya ukutani ilisema tatu na dakika ishirini na tano. Koridoni Kopo alikohoa. Kwa muda mfupi, mfupi sana, binti alijiuliza: na kama ni kweli? Kisha akakumbuka rula kwenye tope.

"Niambie siku ya pili sasa ina sentimita ngapi."

"Kumi na tatu."

"Siku ya pili ilikuwa tano. Kumi na tatu ni ya siku ya kumi."

"Hapa imeandikwa siku ya pili."

"Kwa sababu ilikuwa ya pili kwenye foleni ile mbovu. Umeiambia itoe namba, ikatoa namba za foleni. Ukienda hospitali ukafika wa pili, unapewa kikaratasi kimeandikwa mbili. Haina maana kwamba una miaka miwili."

Bwana Mchoro alivua miwani. Jambo hilo alilisoma chuoni, kwenye ukurasa ambao kila mwanafunzi anapiga mstari chini yake na kuusahau. Alivaa miwani, akafungua faili upya, na safari hii hakukimbia. Aliiambia programu kwanza ichukue kila siku kama ilivyoandikwa, neno kwa neno. Ndipo akaiambia izigeuze kuwa namba.

Programu ikagoma kidogo. Ikaandika kwa rangi nyekundu kwamba baadhi hazigeuki, zimeachwa wazi.

"Ngapi?" binti aliuliza.

"Arobaini."

"Miche yote. Siku nzima."

"Ya kumi na nne," alisema, akashuka na safu ile hadi akafika. Hapo, mara arobaini, moja chini ya nyingine, palikuwa pameandikwa: 14 jioni.

"Basi ndiye huyu. Neno moja likiingia, safu nzima inahesabiwa kuwa maneno. Nani kaandika jioni?"

"Nilichapa mimi. Ndivyo ilivyokuwa kwenye daftari."

"Na kwenye daftari?"

"Baba."

"Kwa nini aliandika?"

"Alipima jioni. Siku nyingine zote alipima asubuhi. Aliona ni haki ijulikane."

"Na kwa nini jioni?"

"Asubuhi alikuwa anamzika mama yake."

Bwana Mchoro alitazama skrini. Vidole vyake vilikuwa juu ya vitufe lakini havikubonyeza. Tarehe ile hata yeye alikuwa kazini. Alikumbuka kuwa Kopo alikuwepo, analoanisha viriba kwa kopo lake kama kawaida, na kwamba yeye alimpungia mkono.

"Tunaweza kuitoa siku hiyo tu," alisema. "Mstari utaruka kutoka kumi na tatu hadi kumi na tano. Hakuna atakayejua."

"Usiitoe. Alipima."

"Basi neno litoke."

"Hakuna mahali pa maelezo? Safu ya pembeni liandikwe huko?"

"Kwenye fomu hii hakuna. Labda siku za mbele." Akatazama saa. "Natoa amri moja, linafutika lote mara moja."

"Nitalifuta mimi."

Hakumkumbusha kwamba amekatazwa. Alisimama, akampisha kiti. Binti aliketi, akaanza na la juu. Alilifuta herufi kwa herufi, ikabaki 14, akashuka. La pili. La tatu. Alikuwa amelichapa mara arobaini bila kuliona. Sasa aliliona mara arobaini. Bwana Mchoro alisimama nyuma yake akitazama saa ya ukutani, na iliposogea hadi saa nne kasoro dakika kumi hakumharakisha.

Walipoagiza mchoro, mstari ulianza chini kushoto na kupanda hadi juu kulia, bila kuanguka popote.

*

Kamati ilikaa dakika kumi na mbili. Kopo hakuitwa ndani. Mlango ulipofunguliwa, Daktari alitoka na karatasi mkononi, uso umefunguka.

"Kumbe imekua vizuri!" alisema, akiwaambia watu wa kamati nyuma yake. "Karibu sentimita moja kwa siku. Hii ipelekwe kwa wageni leo leo." Ndipo akamwona mtu kwenye benchi. "Kopo! Kesho tunaanza jaribio jipya. Uwahi."

Kopo alisimama. "Na ile barua, mkuu?"

"Barua gani?"

"Ya wizi."

"Aa. Ile ilikuwa ya muda. Ilikuwa kosa la kiufundi tu." Alikuwa ameshaanza kuondoka, akageuka. "Na mzee wangu, daftari ni la namba. Namba tu. Haya maneno-maneno ndiyo yametuletea haya yote."

"Ndiyo, mkuu."

Getini mlinzi alimsalimu kwa furaha, akamshika mkono kwa mikono yote miwili. Kisha akaomba mfuko. Amri ya kuacha kupekua ilikuwa bado haijamfikia.

Jioni ile binti alileta nyumbani nakala ya mchoro mpya. Mama yake alikuwa amegeuza ule wa zamani upande wa nyuma na kuchorea ukosi wa shati, kwa kuwa karatasi ilikuwa nzuri na ngumu. Redio alikuwa ameshapita kusema yeye tangu mwanzo hakuamini.

"Ilikuwa nini hasa?" Kopo aliuliza. Alikuwa kitandani kwa mama yake, amekaa ukingoni.

"Neno, Baba. Uliandika siku ya kumi na nne, jioni. Nikachapa na jioni yake. Mashine ikachanganyikiwa."

Alilifikiria.

"Kumbe ni mimi."

"Ni mimi niliyechapa."

"Ni tangazo la ukutani," fundi alisema kutoka kwenye cherehani. "Kilichoandikwa kimechapwa. Msigombanie kosa kama urithi."

"Na sasa neno liko wapi?" Kopo aliuliza.

"Nimelifuta."

"Lote?"

"Mara arobaini."

Kopo alinyoosha mkono, akapewa karatasi. Aliishika mbali na macho, kisha karibu. Aliweka ukucha wa kidole cha shahada kwenye nukta ya kwanza, akatembea nao polepole, midomo ikihesabu, hadi ya kumi na nne. Akasimama hapo.

"Kumi na saba," alisema.

"Ndiyo. Kumi na saba."

"Inafanana na nyingine."

"Ndiyo, Baba."

Cherehani ilinyamaza. Kopo aliinuka, akaenda mezani, akachukua chaki ya mkewe. Aliinama juu ya karatasi kama alivyokuwa akiinamia viriba, na kando ya nukta ya kumi na nne akaandika: jioni. Chaki ya nguo haishiki vizuri kwenye karatasi. Neno lilionekana ukiinamisha kichwa tu. Aliliangalia, akapuliza unga kidogo uliobaki kidoleni, akairudisha chaki mahali pake kwenye kopo la vifungo.

Kisha akachukua viatu vyake vya mpira mlangoni, akatoka nje kuviosha, kwa sababu kesho ilikuwa siku ya kwanza.